Mkono Kwenye Mparachichi

"We kaka, hebu toa hiyo kamera miguuni pangu!"

Sauti ilikata kelele zote za soko la Gitega. Hata muuza samaki wa ndagala aliyekuwa akibishana na mteja alinyamaza ili asikie vizuri. Othmani alikuwa amepiga magoti kwenye kichochoro cha wauza vitenge, shavu limegusa nguzo ya kibanda, kamera imemganda usoni. Hakuinuka. Alinyoosha kidole kimoja juu kama mwalimu anayetaka darasa litulie.

"Usitikisike, dada. Utanikimbizia."

"Nitakukimbizia nani?"

"Huyu."

"Huyu nani? Mimi naona nguzo, na naona mwanaume mzima anatambaa sokoni mchana kweupe."

Watu wakaangua kicheko. Othmani hakupenda kuchekwa. Alikuwa fundi wa picha wa mtaa wa Nyamugari, kamera alijifundisha mwenyewe bila kuelekezwa na mtu, na hakuna harusi ya maana mtaani kwao iliyofanyika bila yeye. Akasimama ili amjibu huyo mwanamke jibu la kumnyoosha. Akamwona.

Alivaa kitenge cha bluu chenye majani ya manjano, kimemkaa kiunoni kama kilizaliwa naye, na mtandio wa rangi ya machungwa ulioteleza nyuma kidogo. Mkono mmoja ulibeba sinia jipya la aluminiamu, mwingine mfuko wa unga wa hina. Na mikono yenyewe! Tangu kucha hadi kifundo ilikuwa imepambwa matawi na vikonyo, na juu ya kila kidole gumba palikuwa na jani moja lililopinda upande, kama limesukumwa na upepo.

"Mi niko napiga buibui," akasema, sauti imeshuka. "Iko hapa, mbele ya pua yako."

"Hapo hakuna kitu."

"Iko, sha. Anza kwenye msumari, shuka chini kidogo."

Mwanamke akainama, bado hamwamini. Sinia likainama naye. Jua lililokuwa linaingia kati ya mabati mawili likagonga sinia, likarudi, likapita ubavuni mwa nguzo. Ghafla ubao ukaota miguu. Buibui bapa, wa rangi ileile ya mbao, madoa yaleyale ya mbao, alisimama pale na kivuli kirefu nyuma ya kila mguu.

"Yallah!" Mwanamke akaruka nyuma. Mwanga ukaondoka, na buibui akawa nguzo tena.

Tangu asubuhi Othmani alikuwa akimpiga picha mdudu yule kwa taa ya mbele, na kila mara taa ilimlaza ubaoni kama rangi iliyomwagika. Ana mwili bapa, hana kivuli, na asiye na kivuli haonekani. Kumbe dawa ilikuwa kumwangazia pembeni.

"Rudisha sinia!"

"Nini?"

"Sinia yako! Rudisha palepale ilikuwa! Tafadhali, dada yangu, mama yangu, mke wangu, rudisha!"

"Mke wako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Rudisha kwanza, tutabishana nyuma."

Alirudisha, huku anacheka na kutikisa kichwa, na Othmani akapiga picha mpaka buibui akachoka nao akajiingiza kwenye ufa.

"Nani alikufundisha mambo ya mwanga?" Othmani akauliza.

"Hina. Mimi napaka mabibi harusi. Taa ya juu inadanganya, inafanya kila kitu kiwe sawasawa. Kwa hiyo nampeleka bibi harusi dirishani, nauinamisha mkono, mwanga unapita ubavuni. Hapo ndipo naona palipojaa na palipopungua." Akapandisha mtandio wake. "Naitwa Raissa. Sasa nipishe, nina harusi."

Raissa alikuwa wa Muyinga. Alikulia Tanzania, upande wa Ngara, ndiyo maana Kiswahili chake kilinyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Walirudi nyumbani yeye, mama yake na kaka yake Chabani, na msimu wa harusi ulipofika alikuja Gitega kwa ndugu zao wa Nyamugari, nyumba ya tatu kutoka kwa Salama, shangazi aliyemlea Othmani. Namba ya simu Othmani aliipata kwa shangazi huyo. Jioni ileile akamtumia ujumbe:

Nuru imepita kando, kivuli kimesimama,
Nilokosa kwa vishindo, sinia limelisema.

Simu ikaita kabla hajaiweka chini.

"We Othmani, wenzangu wanaandikiwa ua, wanaandikiwa mwezi. Mimi naandikiwa chombo cha kuchambulia mchele?"

"Mwezi kila mtu anaandika. Sinia iko yako peke yako."

"Eti! Na unajua unavyoongea? Iko, iko. Kila kitu kwako kiko 'iko'."

"Na we unaongea kama redio, sheri wangu. Mi napenda lakini. Endelea kusoma habari."

Alicheka, na kicheko kile Othmani alilala nacho.

Wakazoeana. Raissa akimaliza kazi zake alipita kwa shangazi Salama, na nyuma ya nyumba palikuwa na mparachichi mzee wenye magamba ya kijivu. Huko Othmani alikuwa na buibui wake mwingine, mkubwa kuliko wa sokoni, aliyefanana na gamba la mti hata ukimwekea pua. Shangazi alikaa kwenye kigoda anachambua maharage, jicho moja kwenye ungo, jicho moja kwa vijana.

"Huyu ninamuona hapa tangu mvua zilianza," Othmani akasema, lenzi ameigeuza nyuma mbele ili imkaribie mdudu hadi miiba ya miguu ionekane. "Napita asubuhi, iko. Napita jioni, iko. Hajahama hata kidogo."

"Basi ana msimamo kuliko wanaume wa Gitega."

"Nimesikia hiyo!" shangazi akaitikia kutoka kwenye kigoda. "Na ni kweli!"

Siku hiyo jua lilikuwa kali, linaanguka kutoka juu na kulisawazisha gome lote. Othmani alijaribu kitambaa cheusi, akajaribu karatasi nyeupe, akalaani.

"Ngoja," Raissa akasema. Akaweka mkono wake wa kushoto kwenye shina, juu ya buibui, ukakinga jua la juu. Kwa mkono wa kulia akashika sinia na kutupa mwanga kutoka chini, pembeni kabisa. Buibui akainuka kwenye gome kwa vivuli vyake nane, kama kaburi limefunguka. Kando yake, ndani ya mwanga uleule, ulilala mkono wenye hina mbichi, jani limepinda kwenye kidole gumba. Uso wa Raissa ulikuwa nyuma, gizani.

Othmani alibonyeza mara moja tu. Alijua ameipata.

"Usitoe uso wangu kwa watu," Raissa akasema walipoiangalia. "Watu wana maneno. Mama yangu hajui bado."

"Uso haiko. Angalia, ni giza tupu. Nakuahidi, mukunzi wangu."

Na alitimiza. Ukumbi mmoja wa vijana mjini ulipofungua maonyesho, picha ile ilitundikwa katikati ya ukuta, kubwa kama mlango. Watu walisimama mbele yake, wakaona mkono na gome tu, wakainamisha vichwa, kisha wakapiga kelele walipomwona aliyejificha. Othmani alisimama pembeni na shati jeupe lililopigwa wanga, kifua mbele, anaeleza habari ya mwanga wa ubavuni kama vile aliuzaa yeye. Raissa hakuwepo. Alikuwa ameenda nyumbani Muyinga kwa harusi ya binamu yake, na Othmani alipanga kumpigia jioni ampe raha yote kwa mpigo.

Lakini kuna mgeni aliyeipiga picha ile kwa simu yake, akaituma, wakaituma, na kabla ya adhuhuri ya kesho yake ilikuwa imeshafika Muyinga.

Othmani alikuwa dukani anakata picha za vitambulisho kwa mkasi, simu ikaita.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiye Othmani wa picha? Mimi Chabani, nakupigia kutoka Muyinga."

Mkasi ukamponyoka. "Waleikum salaam, kaka."

"Nimeletewa picha ya buibui. Ule mkono ni wa nani?"

Othmani akaona kila kitu kwa mara moja: uso wa Raissa, kauli yake, ahadi yake yeye. Mwanaume ni kulinda. Akakaza sauti.

"Ni mkono tu, kaka."

"Mkono hauna mwenyewe?"

"Ni wa mtu tu. Alipita, akanishikia kivuli."

"Mtu tu?"

"Mtu tu. Hata simkumbuki vizuri."

Simu ikakatika. Othmani akafuta jasho na kujipongeza. Alikuwa amemficha kama buibui kwenye gome. Hawampati!

Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Raissa.

"Sheri! Usiogope, kaka yako amepiga, nime..."

"Nilikusikia."

"Ulinisikia wapi?"

"Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, Othmani. Katikati ya sebule. Mama yupo, mama wakubwa wapo, mimi nipo. Nilikuwa nimeshawaambia ukweli wote. Nikawaambia, msinisengenye, mpigieni mwenyewe, huyo ni mwanaume, atawaambia mimi ni nani kwake." Akashusha sauti. "Ukasema mtu tu. Ukasema hunikumbuki."

"Mi nilikuwa nakulinda! Ulisema usitoe uso. Uso haiko! Nani amekujua?"

"Nani amenijua? Lile jani, Othmani! Jani la kidole gumba! Nimelipaka kwa kila bibi harusi wa Muyinga tangu nimerudi. Uso wangu wanaujua majirani, mkono wangu unajulikana kila nyumba iliyowahi kufanya harusi. We uliuzima uso ukauwashia mkono taa!"

"Hukuniambia habari ya mkono. Uliniambia uso. Mi nimetimiza neno langu, na sikubali mtu anifokee kwa kutimiza neno."

"Umetimiza," Raissa akasema taratibu, na ule utaratibu ulimchoma kuliko makelele. "Hongera. Kaa na buibui wako."

Tangu hapo hakupokea tena simu.

"Bon, sawa," Othmani akajiambia. "Aende." Akasema hivyo dukani, akasema hivyo barabarani, akasema hivyo kwenye harusi za watu huku anawapiga picha maharusi wanaolishana keki. Waliomjua waliona shati halijapigwa pasi. Kila asubuhi alikwenda kwenye mparachichi na kamera, akasimama, akarudi bila kupiga. Shina lile bila mkono juu yake lilimtazama kama mdai.

Shangazi Salama alimvumilia, kisha akachoka. Asubuhi moja aliweka ungo chini.

"We mtoto, uko mtu wa ajabu. Mdudu amejificha, hataki kuonekana, we unamtafutia mwanga mpaka unamtoa. Mwanamke amekaa mbele ya mama yake anangoja uwashe taa, we unaizima."

"Aliniomba nimfiche, shangazi!"

"Aliomba umfiche kwa watu wa soko. Ndugu yake ni soko? Ndugu yake alipouliza, hapo ndipo palikuwa pa kuwasha." Akamtazama juu hadi chini. "Na mwenye kujificha siku ile hakuwa yeye. Ulikuwa we. Uliogopa kaka yake."

Othmani alitaka kujibu kwa ukali, lakini ilikuwa kweli. Aliinama karibu na shina, akatumia kiganja chake kukinga jua. Gamba moja likaota miguu. Buibui alikuwa palepale.

"Shangazi," akasema bila kugeuka, "mzee Aboubakar bado anashika posa za watu?"

"Mana yanje, Mungu wangu!" Shangazi tayari alikuwa amesimama. "Ngoja nivae."

Mafuta yalikuwa adimu, magari ya abiria yamelala. Walipata nafasi kwenye lori lililokwenda Muyinga kuchukua kahawa: shangazi mbele na kitenge chake cha sikukuu, Othmani nyuma na mzee Aboubakar, mshona viatu wa Nyamugari aliyekuwa na ulimi wa kuwapatia wake wazuri hata wanaume wabaya.

"Kumbuka desturi," mzee akamwambia, upepo ukipiga kanzu yake. "Mshenga anasema, bwana harusi anaangalia vidole vya miguu yake. Ukifungua mdomo, umeharibu. Na we mdomo wako ninaujua."

"Nitanyamaza, mzee."

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, nje ya mji kidogo, sebule yenye vitambaa vya kufuma na mlango unaotazama jua. Chabani alikuwa mrefu, mkavu, na hakutabasamu. Mama yake aliwakaribisha kwa chai ya tangawizi na maandazi juu ya sinia la aluminiamu. Othmani alilitambua sinia lile. Raissa mwenyewe hakuonekana.

Mzee Aboubakar akakohoa, akaanza kwa mbali, akasifu nyumba, akasifu kilima, akasifu wazee waliotangulia. Alipofika kwenye ua zuri alilosikia limechanua katika boma hili, Chabani akainua mkono.

"Mzee wangu, nisamehe. Desturi naijua, naiheshimu. Lakini huyu kwenye simu hakutumia mshenga. Alijisemea mwenyewe. Leo pia ajisemee."

Mzee akageuka, akamtazama Othmani kama mtu anayetazama kiatu kisichoshoneka, kisha akainua mabega.

Othmani akasimama. "Kaka Chabani," akasema, "uliniuliza mkono ni wa nani. Ni wa Raissa. Nilijua, na nilikudanganya. Nilidhani niko namlinda, kumbe niko najilinda mi. Ule mwanga watu wanaosifu, si wangu, ni yeye alinifundisha, na sinia hii hapa. Sikusema. Niliwaacha wanisifu." Akamtazama Chabani machoni. "Watu wakiuliza mkono ulikuwa unafanya nini kwenye mparachichi, muwaambie ulikuwa unamshikia Othmani kivuli, nyumbani kwa shangazi yake, na shangazi alikuwa pale."

"Nilikuwa nachambua maharage," shangazi akathibitisha.

"Si mtu tu, mama," Othmani akamgeukia mama. "Mi nampenda. Nataka kumuoa, mkinipa. Mkininyima nitajua nimejinyima mwenyewe."

Mama ndiye aliyeongea kwanza. "Jibu si langu. Raissa! Njoo."

Pazia likafunguka. Alikuwa na gauni la kijani na mtandio uleule wa machungwa, macho amekataa kuyainua. Akakaa kwenye mkeka upande wa kivulini, akafungua kiganja cha kushoto juu ya goti. Hina ilikuwa mbichi bado, ua moja kubwa jeusi lililojaa kiganja kizima, hata mstari wa ndani hauonekani.

"Jibu nimeliweka hapa tangu niliposikia lori linapanda na sauti ya shangazi Salama ndani yake," akasema. "Alitafute. Si ndiyo kazi yake?"

Othmani akapiga magoti. Akatazama. Ua. Akasogea. Ua tu, jeusi tititi.

"Bila kugusa," Chabani akaonya.

"Sigusi, kaka." Akatazama dari, akatazama mlango, jua limejaa uani. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu ile simu. "Mama, samahani. Naomba sinia."

"Sinia la chai?"

"Lilelile."

Shangazi alikuwa ameshanyakua vikombe. Othmani akalichukua, akalifuta makombo kwa mkono wa shati lake jeupe, akarudi nyuma hadi mlangoni, akalitafutia jua. Doa la mwanga likatembea ukutani, likapita kwenye kofia ya mzee Aboubakar, likateremka, likalala pembeni kabisa mwa kiganja cha Raissa.

Ndani ya ua jeusi, juu ya hina iliyotandazwa, kulikuwa na hina nyingine iliyojengwa juu yake, rangi ileile, nene kidogo tu kama uzi. Kivuli kikaingia chini ya ule unene. Miguu nane ikainuka.

"Unaona nini?" Raissa akauliza. Sasa alikuwa amemtazama.

"Buibui."

"Anafanya nini?"

"Iko palepale. Hajahama."

"Basi umejibiwa."

Shangazi Salama alipiga kigelegele kilichowashtua kuku wa uani. Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Chabani akainama juu ya kiganja cha dada yake, akakodoa, akainuka amekasirika.

"Mbona mimi sioni kitu?"

"Kaka, unanizibia mwanga," Othmani akasema. "Sogea huku."

Chabani akasogea, akaona, na mkavu yule akatabasamu mwishowe, upande mmoja wa mdomo.

Othmani aliangalia begi la kamera lililokuwa karibu na mlango, kisha akaangalia pembeni haraka, kama mtoto aliyeona sukari. Raissa alikuwa amemwona.

"Ichukue, piga," akasema. "Kabla haijakauka."

"Kweli?"

"Piga. Na safari hii chini yake uandike mkono ni wa nani."